Anayekula Ndotoni Haamki

Wiki tuliyomzika mama, vijana wa kwaya walileta jenereta kwa ajili ya spika, wakaiweka nyuma ya jiko. Ukungu ulikuwa umeshuka kijijini kwetu Magamba tangu asubuhi, ule mzito wa majira ya baridi, unaomeza miti yote na kukuachia mmoja tu ulio karibu nawe. Harufu ya petroli iliingia ndani ya ukungu huo ikakaa. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali niliyopewa na mama mdogo. Nikaiweka chini. Wanawake waliokaa mkekani walinitazama kwa huruma wakidhani ni uchungu wa msiba, nao hawakukosea, ila haukuwa uchungu peke yake. Nilikuwa nimeshikwa na woga ninaoujua tangu utotoni, na woga huo, sioni aibu kusema, niliupata kwenye filamu.

Nyinyi wa rika langu mnayakumbuka mabanda ya video. Letu lilijengwa kwa mabanzi ya wapasua mbao, juu bati kuukuu, na madirishani zilipigiliwa blanketi za kijivu ili mchana uwe giza tupu. Ndani kulikuwa na televisheni moja, deki moja, na mabenchi yaliyotuchoma mapaja. Jenereta ilinguruma nje na moshi wake ukapita chini ya mlango. Mwenye banda alikuwa Zakayo, kijana mrefu mwembamba aliyelima karoti bondeni. Asubuhi ungemkuta mtoni amekunja suruali anaosha karoti zake, na Jumamosi alasiri yuko mbele yetu ameshika maiki. Tulimwita Dijei Karoti. Kazi yake kubwa ilikuwa kututafsiria, maana Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu ya mwalimu. Waigizaji wote aliwapa majina ya kwetu. Askari wa Ulaya angeitwa Stefano, na akitukanwa, alitukanwa kwa Kishambaa, banda zima likacheka.

Bibi, yaani mama yake mama, alikuwa amelipiga marufuku banda lile. Nyumba yake na yetu zilitazamana uani, kwa hiyo hakuna kilichompita. Kwake yeye humo walikaa wahuni, na mtoto wa kike wa nyumba ya Kilutheri hakuwa na lake huko. Lakini Eliwaza, binti wa mama mkubwa aliyelelewa na Bibi, alikuwa msichana mkubwa mwenye mambo yake. Jumamosi moja tulitumwa majani ya ng'ombe. Tukayakata mbio mbio, tukayaficha kwenye mahindi, tukaenda bandani tukiwa na muwa wetu mmoja wa kugawana.

"Ukimwambia Bibi," Eliwaza alininong'oneza mlangoni, "nitachapwa mpaka nisahau jina langu. Umesikia?"

Nikaapa kwamba sitasema.

Filamu yenyewe ilianza na watu waliolala kwa mstari kwenye chumba cheupe, wamefungwa nyaya vichwani. Zakayo alitueleza kuwa hao wote wameingia ndani ya ndoto ya mtu mmoja, na mwanamke aliyevaa koti refu, ambaye alimbatiza Tabitha, ni fundi wa ndoto aliyetumwa kuwatoa. Tabitha akaingia. Ndani mlikuwa na mji usio na watu. Ukipanda ngazi kwenda juu, unatokea chini ya nyumba ile ile. Ukitembea mbele bila kukata kona, unarudi ulipoanzia. Kwenye chumba kimoja kulikuwa na kijumba kidogo juu ya meza, na Tabitha alipochungulia dirishani mwake alijiona mwenyewe, mdogo, amechungulia kijumba kingine. Na kote pembezoni mwa mji ule kulikuwa na ukungu. "Hapo ndipo ndoto inapoishia," Zakayo alisema kwenye maiki. "Mwota ndoto hajawaza zaidi ya hapo. Ukiona ukungu umekuzunguka, jua uko ndotoni." Tabitha alichoka, akalala humo humo, akaingia ndoto nyingine ndani ya ile. Akawa anamuuliza kila anayekutana naye, hii ni ndoto au ni kweli, na hakuna aliyemjibu.  Sijawahi kuogopa nyoka jinsi nilivyoogopa swali lile.

Kisha akafika kwenye meza iliyoandaliwa chakula. Zakayo akapaza sauti ghafla mpaka spika ikakoroma. "Jamani sikieni, siri ni hii hapa! Anayekula ndotoni haamki! Anaambiwa asitafune! Ukitafuna tu umekwisha, utabaki humo maisha!"  Nilikuwa na pingili ya muwa mdomoni, nikaitema kiganjani polepole. Tabitha alikuwa ameketi. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye kijiko. Hapo jenereta ikakohoa, petroli ikaisha, na televisheni ikazimika. Watoto walipiga kelele, lakini Zakayo alisema ndiyo mwisho, nendeni makwenu.

Kesho yake, Jumapili, niliamka nikakuta ukungu umefika mpaka mlangoni. Mama alikuwa mjamzito, miguu imevimba, analalamika kichwa. Alisimama kwenye kizingiti cha jiko akifunga kitambaa cha kanisani, mara akaanguka. Mwili ukamtetemeka, macho yakageuka, halafu akakakamaa. Baba alipiga yowe ambalo sikujua kama mwanaume anaweza kulipiga. Majirani wakaja na machela, wakambeba kwenda barabarani kutafuta lori la kabichi la kumfikisha hospitalini mjini. Niliwatazama wakishuka. Hatua chache tu na ukungu ukawafuta wote, nikabaki nasikia sauti zao bila watu.

Baba alirudi siku iliyofuata kuchukua kanga. Nilijificha nyuma ya mlango nikamsikia akimwambia Bibi kwamba ni kifafa cha mimba, na kwamba mtoto hakupona.

"Na mwanangu je?" Bibi aliuliza.

"Anapumua, mama. Lakini hajui mtu. Ukimwita haitiki."

Nadhani mtu mzima angelia. Mimi nilianza kupiga hesabu za kitoto. Mama hajawahi kuanguka maishani mwake, na yeye ndiye aliyekuwa akibeba mzigo mkubwa wa kuni kuliko wanawake wote wa mtaa wetu. Baba hapigi yowe. Na ukungu ulikuwa umetuzunguka siku ya pili sasa bila kuinuka. Nilitaka uhakika. Nikatoka nyuma ya nyumba, nikashika njia ya msituni, nikatembea mbele tu kama Tabitha, bila kukata kona. Nilitembea mpaka nguo zikaloa. Nilipoona kitu cheusi mbele nikakikimbilia, na kilikuwa banda letu la ng'ombe. Nilikuwa nimerudi nilipoanzia. Leo najua kwamba yeyote anayetembea ndani ya ukungu wa Magamba bila kuijua njia huzunguka, hata wakata mbao wanajikuta wamerudi kwenye gogo lao. Siku ile nilisimama nikiwa nimeshika ukuta wa banda, nikajua kwamba niko ndotoni. Nyumbani kwa kweli mama yangu amesimama juu ya kitanda changu, mzima, tumbo lake mbele, ananiamsha niende kanisani. Kilichobaki ni mimi kuamka. Na ili niweze kuamka, nisile.

Maji nilikunywa, kwa sababu Zakayo hakuwa amekataza maji. Chakula nilikikwepa kwa kila hila. Bibi alikuwa na desturi yake mezani, ambayo kwetu ilikuwa sheria: hakuna aliyeanza kula mpaka yeye amege tonge la kwanza, alipulize, alichovye kwenye mboga, amwekee mtoto mdogo kuliko wote kiganjani. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Tonge lile nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante Bibi, nikageuka kama ninayekohoa na kulitia kwenye mfuko wa sweta. Baadaye mbwa alilipata nyuma ya choo. Tumbo lilinikata. Harufu ya maharage ikawa mateso. Lakini kila njaa iliponizidi nilimwona mama akiniita upande wa pili, nami nikafunga meno.

Bibi aligundua alipofua sweta. Alitoa mfukoni ugali uliokauka, akautazama muda mrefu, akaniita jikoni.

"Mndee," akasema, neno alilolitumia kwa binti anayempenda, "hiki ni nini?"

Niliinama nikachezea upindo wa gauni.

"Unaumwa tumbo? Kuna mtu amekutisha? Niambie mimi."

Eliwaza alikuwa anachochea moto. Alinitazama mara moja tu kwa jicho kali. Nikakumbuka kiapo. Na tena, kumwambia mtu wa ndotoni kwamba yeye ni wa ndotoni kulikuwa na faida gani?  Bibi akanipikia uji wa maziwa, akanibembeleza, akanitishia fimbo, akaniomba, mwishoni akanishika kidevu na kuusukuma uji kwa nguvu. Nikautema wote juu ya kanga yake. Hakunipiga. Aliweka bakuli chini, akaifuta kanga kwa kiganja.

Basi maneno yakaanza. Mzee wa kanisa alikuja akaniombea, ameniwekea mkono mzito kichwani. Jirani mmoja akasema mama yangu huko aliko ananiita, mtoto na mama wanavutana, ndivyo ilivyo. Mwingine akashauri kwa sauti ya chini kwamba kuna mzee upande wa pili wa mlima anayejua mambo haya. Bibi, aliyekuwa haruki ibada, alimsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimelala karibu na mafiga nikiwasikia, na nilimwona anafikiria kweli. Alikuwa na binti mmoja hospitalini asiyeitika, na mjukuu mbele yake anayekauka. Leo nami nina mtoto, na nikimkumbuka Bibi alivyokaa pale na kanga yake mdomoni, moyo unaniuma kuliko ulivyoniuma wakati ule.

Mwishowe miguu ilikataa. Nilisimama kwenda nje, nikaona mlango unakwenda mbali, nikaanguka pale pale kwenye kizingiti alipoangukia mama. Bibi alitoa sauti ile ile ya baba. Hapo Eliwaza akashindwa. Alipiga magoti akilia mpaka makamasi yakamtoka.

"Nisamehe Bibi! Ni filamu! Tulikwenda kwa Zakayo. Kule walisema anayekula ndotoni haamki. Anadhani anaota, Bibi! Anadhani sote tunaota!"

Nilidhani atachapwa. Bibi hakumgusa. Alijifunga kanga kiunoni, akamwambia anishike nisilale, akatoka akapotea kwenye ukungu. Aliporudi alikuwa amemshika Zakayo mkono juu ya kiwiko. Alimtoa mtoni jinsi alivyo, suruali imekunjwa, matope mpaka magotini, karoti moja bado mkononi. Walikuwa wakitweta wote wawili.

"Shikamoo Bibi," Zakayo alisema tena alipoingia jikoni, kwa kuwa sasa alikuwa ndani ya nyumba ya mtu.

Bibi hakuitikia. Kwetu jambo hilo halipo. Hata mwizi akikuamkia unamwitikia kwanza ndipo umshike. Zakayo akainamisha kichwa.

"Wewe ndiye uliyemfunga mtoto wangu mdomo," Bibi akasema. "Mfungue."

Zakayo alichuchumaa mbele yangu. Karibu hivyo, bila maiki, alikuwa kijana tu mwenye chunusi. "Mdogo wangu, yale nilisema tu," alianza. "Hayakuwa kweli. Kula."

Nikatikisa kichwa. Hivyo ndivyo mtu wa ndotoni angesema. Nikamuuliza alichokuwa akiuliza Tabitha: "Hii ni ndoto au ni kweli?"

 Alimtazama Bibi, akatazama chungu, akatazama mikono ya Bibi iliyokuwa imeshika sahani ya ugali bila kujua iufanyie nini.  Kisha akaigeuza karoti, akaileta mdomoni kama maiki, na sauti ikawa ile nyingine, ya bandani.

"Naam, watazamaji! Tuliishiwa petroli, sasa tunaendelea! Tabitha bado yuko mezani. Mkono uko kwenye kijiko. Mara anatokea nani? Anatokea bibi mmoja, ametoka mbali, amepita ukungu wote huo kwa miguu! Bibi anamwambia, mjukuu wangu, chakula cha meza hii usile, kweli kabisa, kinafunga. Lakini kipo chakula kimoja tu kinachofungua! Ni tonge lililomegwa na mkono wa aliyemzaa mama yako! Hilo ukila ndotoni, unaamka! Ukila uko macho, unashiba! Oneni, oneni, bibi anamega!"

Bibi alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mjinga. Akamega. Akapuliza, akachovya, akaninyooshea. Mchuzi ukadondoka kwenye goti langu.

"Na mama je?" nikamuuliza Zakayo. "Nikiamka nitamkuta?"

Karoti ilishuka kidogo. Bibi naye alikuwa anasubiri jibu kama mimi. "Filamu haijafika huko," akasema taratibu. "Tuitazame wote. Lakini ule kwanza, ndipo iendelee."

Nilipokea tonge. Nilifumba macho nikatafuna. Lilikuwa la moto na la chumvi, na machozi yakanitoka kwa utamu wake. Nilipofumbua macho Bibi alikuwa ameketi chini akilia bila kujificha, na Eliwaza amemkumbatia, na nje ukungu uko vile vile. Zakayo alinyanyuka aende zake. Mlangoni Bibi alimwita.

"Marahaba, mwanangu," akamwambia.

Mama alirudi majira ya baridi yakiwa yanaisha, amekonda, hana mtoto tumboni wala mgongoni, anatembea kwa kushikilia kuta. Nilimchungulia siku nyingi kabla ya kumwamini. Nilikuwa nikimwamsha usingizini kwa kumgusa tu, nione kama ataitika. Alikuwa anaitika. Nilipokuwa mkubwa nilimweleza habari yote, nikamuuliza kule alikokuwa aliota nini. Alifikiri akasema hakuota chochote, alifunga kitambaa cha kanisani na akaamka kitambaa hakipo. Akacheka. Lakini tangu nimweleze, kila nilipokwenda kumtembelea, alikuwa ananimegea yeye tonge la kwanza, mtu mzima kama mimi, mbele ya mume wangu, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Filamu ile niliiona tena nikiwa chuo, kwenye kompyuta ya rafiki yangu bwenini. Nilikitambua kijumba juu ya meza, nikasogeza kiti karibu. Safari hii nilielewa maneno. Nilisubiri sheria ile ya kula, na haikusemwa popote. Tabitha, ambaye jina lake halikuwa Tabitha, aliketi mezani, akashika kijiko, akala. Hakuna kilichotokea. Alikuwa na njaa tu.

Sasa narudi msibani. Sahani ilikuwa chini, jenereta inanguruma, ukungu umekaa uani. Tangu mama afariki nilikuwa napitisha maji tu, na kila aliyenisihi nilimwambia baadaye. Zakayo alikuja kutoa pole. Siku hizi ana mvi na ni baba wa watoto wakubwa, bado analima karoti. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye benchi kando yangu. Aliitazama sahani. Alijua.

"Kaka Zakayo," nikamwambia, "ile sheria uliitoa wapi? Kwenye filamu haimo."

Akasugua magoti yake. "Makapi ya miwa," akasema. "Mlikuwa mnatafuna na kutema sakafuni, kila Jumamosi nafagia debe zima. Nikaona niwatishe."

Nilicheka, pale pale msibani, mpaka mama mdogo akageuka. Nilicheka na kulia pamoja, sikuweza kuvitenganisha. Nikamuuliza kama angeweza kunipa sheria nyingine, hata ya uongo.

 Hakutafuta maiki safari hii. "Hapana, mdogo wangu," akasema. "Hii haina tafsiri."

Binti yangu alikuwa amekaa miguuni pangu na sahani yake ya ugali, amejipaka mchuzi mpaka masikioni. Sijui alikuwa ametusikiliza kiasi gani. Alizoea kumwona bibi yake akinimegea tonge la kwanza kila tulipokuja, basi labda aliona tu kwamba leo hakuna wa kufanya. Alimega tonge, kubwa mno, la kitoto. Akalipuliza kwa mashavu yote mawili, akalichovya, akaninyooshea.

Nilijua nikilipokea sitaamka kokote. Mikono yangu miwili ikatoka yenyewe. Nikasema asante, nikala, na mama yangu alikuwa amekufa.